Sanamu za Mji na Kauli ya Mafundi

Mwezi wa Agosti, mwaka 2024, mji wa Eldoret katika Kenya ulikuwa karibu kupandishwa cheo uwe jiji. Eldoret ni mji wa nchi ya wakimbiaji, na kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba sanamu za wanariadha zilisimamishwa kando ya njia ili zimlaki mgeni. Walakini sanamu zile hazikupata makao. Watu walizitazama wasione ndani yake mkimbiaji hata mmoja wamjuaye. Picha zake zikaenea katika simu, kicheko kikavuka mipaka ya nchi, na haukupita muda mrefu zikaondolewa.

Kicheko kile kilimwangukia mchongaji. Ndivyo ilivyo aghalabu: kazi ikiwa mbaya, watu huutazama mkono ulioshika patasi, wasiutazame mdomo ulioamuru. Haifai kumtetea fundi asiyejua kazi yake, na fundi wa namna hiyo yuko katika kila mji. Lakini kabla patasi haijagusa jiwe, mambo mengi huwa yamekwisha kukatwa: nani akumbukwe, asimame wapi, awe wa shaba au wa saruji, fedha kiasi gani zitengwe, siku ngapi fundi apewe, na nani aukague mfano wa udongo na kusema kwamba wafaa au haufai. Maamuzi hayo, yakikusanywa na kuandikwa, ndiyo yaitwayo sera ya mji juu ya sanaa ya hadharani. Yasipoandikwa pia ni sera, tena ni ngumu zaidi, kwa sababu haina mahali pa kushikwa wala pa kupingwa. Na katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki waamuzi wa mambo hayo ni maofisa, wahandisi na madiwani. Mchongaji, mchoraji na mfinyanzi huitwa baada ya kikao kufungwa, kama mpishi aitwaye jikoni wakati chungu kimekwisha kuungua.

Mfano wa zamani wa jambo hili umo Dar es Salaam. Mji huo umepata kuwa na sanamu mbili za vita na za utawala ambazo habari zake zafaa kusomwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na chini ya miguu yake alikuwapo askari mweusi akimwinulia bwana wake uso. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 sanamu hiyo ilishushwa. Ikasafirishwa Ulaya, ikasimamishwa tena Hamburg mwaka 1922, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha, mara ya kwanza mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Ya pili ni Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora. Ilizinduliwa mwaka 1927 na ingali ipo: askari wa shaba, peke yake, na bunduki yenye singe mkononi. Hapana shaka ni heshima kubwa kuliko ile ya kwanza. Yule aliyekuwa chini ya miguu amepanda juu ya jukwaa, wala hana bwana wa kumtazama.

Lakini ni nani aliyempandisha? Mchongaji wake, James Alexander Stevenson, alikuwa Mwingereza. Maneno ya ukumbusho yaliyo jukwaani yalitungwa na Rudyard Kipling, yakawekwa na Kiswahili chake. Sanamu ilisubiwa ng'ambo ikaja kwa meli kama bidhaa nyingine. Katika mji ule ule, hatua chache kutoka hapo, wenyeji walikuwa na ukumbusho wao wa vita ile ile: mtaa wa Kariakoo, ambao jina lake limetokana na kile kikosi cha wachukuzi wa mizigo ya Waingereza, jina lililotafunwa na ndimi za watu mpaka likawa lao. Tofauti ya kumbukumbu hizi mbili ina maana. Wachukuzi walibeba vyakula na risasi kichwani kutoka pwani hadi bara, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la mtaa huwakumbuka wao; shaba iliyo juu ya jukwaa humkumbuka mwenye bunduki. Katika sanamu ya Nairobi, kazi ya Stevenson huyo huyo, mchukuzi amepewa nafasi kando ya wapiganaji. Huko Dar es Salaam juu ya jukwaa yuko mmoja tu. Laiti fundi wa mjini, au mzee aliyerudi hai kutoka safari zile, angaliulizwa, pengine angemtanguliza mwenye mzigo. Pengine asingemtanguliza. La kusikitisha ni kwamba mpango ule haukuwa na mahali pa swali hilo.

Ingetazamiwa kwamba uhuru ungeubadili mwendo huu, nao uliubadili nusu. Mwaka 1962 Kampala ilipata Mnara wa Uhuru wake kutoka mikono ya Gregory Maloba, mwana wa Kenya aliyefunzwa Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Ni mama aliyefungwa kwa vitambaa mwilini, naye anamwinua mtoto juu. Mtu hahitaji kuelezwa mtoto yule ni nani. Nairobi, kwa upande wake, miaka kumi baada ya uhuru, yaani mwaka 1973, ilimweka Jomo Kenyatta ameketi mbele ya jumba la mikutano lenye jina lake, na aliyepewa kazi hiyo alikuwa James Butler, Mwingereza. Kisha muda mrefu ukapita. Mwaka 2007 Dedan Kimathi alisimamishwa katika mtaa wenye jina lake, kazi ya Kevin Oduor. Mwaka 2011 Tom Mboya akasimamishwa katika barabara ya Moi Avenue, kazi ya Oshoto Ondula.

Orodha hii yaweza kumfurahisha msomaji akadhani kwamba safari imekwisha: mkono wa mgeni umetoka, mkono wa mwenyeji umeingia. Lakini kupewa kazi si kupewa kauli. Mwenyeji aliyeletewa amri iliyokamilika, na kipimo, na mahali, na siku ya kuzindua, hana uhuru mwingi kuliko mgeni aliyeletewa amri kama hiyo. Huenda akawa na uhuru mdogo zaidi, maana mgeni maarufu huweza kukataa.

Tofauti baina ya kazi na kauli huonekana vizuri katika ukumbusho mmoja wa Nairobi. Tarehe 12 Septemba 2015 ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru ukumbusho wa watu walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Fedha zilitoka kwa serikali ya Uingereza, kufuatana na mapatano ya mwaka 2013 na wazee walioishtaki kwa mateso waliyoyapata kambini. Katika kuupanga ukumbusho huo wapiganaji wa zamani wenyewe walihusishwa kwa njia ya chama chao. Sanamu ni ya watu wawili: mpiganaji wa msituni mwenye nywele zilizosokotana, na mwanamke anayempa kikapu cha chakula. Wawili hao hawatazamani. Kila mmoja ameelekeza uso kwingine, kwa sababu siku zile kumjua mwenzako kwa sura kulikuwa hatari. Asiyeuona uso hawezi kuutaja hata akiteswa.

Jambo hilo halimo katika mafunzo ya uchongaji. Hulijua aliyekibeba kikapu kile, au aliyekipokea gizani. Kama sanamu hiyo ingaliagizwa kwa barua ya ofisi, si vigumu kuwaza ambavyo ingekuwa: mwanamume mmoja, mkono juu, bunduki juu, macho mbele. Sanamu za namna hiyo zimejaa duniani kote na hazimwambii mtu kitu asichokijua. Kwa kuwa wenye habari walikuwapo mapema, ustadi wa mchongaji ulipata kitu cha kushika, na mwanamke akapata nafasi ambayo vitabu vingi vya historia ya vita ile vilichelewa kumpa.

Kutoka bustanini hadi kituo cha magari ni mwendo mfupi tu, na hapo ipo sanaa ya hadharani ya namna nyingine. Kwa kipimo cha macho ya watu, yamkini hakuna michoro katika Kenya inayotazamwa na wengi kuliko michoro ya matatu. Sanamu humngoja mpita njia. Matatu humfuata mpaka mtaani kwake. Wengi katika wachoraji wake hawakukaa darasani kujifunza sanaa, bali walijifunza karakanani, kwa kushika bomba la rangi la fundi aliyewatangulia. Zilipoanza kutumika mwaka 2004 kanuni zinazojulikana kwa jina la waziri John Michuki, kila gari lilitakiwa kuwa na ufito wa manjano ubavuni, pamoja na mikanda ya viti na vidhibiti mwendo, michoro ikafifia. Hakuna mwenye busara atakayeilaumu mikanda. Lakini mkanda wa kiti na picha ya ubavuni ni mambo mawili, nayo yalitiwa katika kapu moja, kana kwamba picha ni uchafu wa gari. Yapata miaka kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitamka kwamba vijana waachwe wachore, na rangi zikarudi kwa fahari kuliko mwanzo. Katazo lilitoka juu, na ruhusa ikatoka juu. Ruhusa ya namna hiyo ni kama kivuli cha wingu: yafurahisha ikiwapo, lakini hakuna ajuaye itahama lini, na mchoraji hana karatasi ya kumwonyesha askari wa barabarani.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni nyepesi, wananchi waulizwe. Kisa cha Kisumu humtahadharisha mtu anayependa majibu mepesi. Mwezi wa Januari 2014 sanamu iliyowekwa mjini humo na jumuiya ya Masingasinga, kuadhimisha miaka mia ya kukaa kwao huko, iliharibiwa na kisha ikaondolewa baada ya wakazi kuandamana. Waandamanaji waliiona kuwa ni ya ibada ngeni, hata ya kishetani. Sasa, kama ungaliitishwa mkutano wa hadhara kabla ya sanamu kusimama, je, Masingasinga wangalipata kibali? Yaelekea wasingalipata. Mkutano wa wengi ungaliwanyima asubuhi kile walichonyimwa jioni. Kwa hiyo kuuliza umma hakutoshi, madhali umma una wengi na wachache, wenye sauti na wasio nayo. Sera inayostahili jina hilo huwapa wachache nafasi ya kueleza alama zao kabla hazijaonekana barabarani, na huwapa wengi nafasi ya kuuliza bila mawe mkononi. Msanii aliyezaliwa mjini hapo, aijuaye lugha ya pande zote mbili, angefaa sana katika mazungumzo hayo. Yeye huweza kusema, mstari huu utawatisha jirani zenu, na huu utawavutia.

Ni akina nani, basi, wanaokosekana barazani? Wa kwanza kutajwa ni mafundi wa mitaani: waandika vibao vya maduka, wachoraji wa kuta za vinyozi na hoteli, wachonga mpingo wa Mwenge katika Dar es Salaam, wachonga mawe wa Tabaka katika Kisii. Dar es Salaam yatambulikana mbali kwa chui na ndege wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye mnamo mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao na kuuza Oyster Bay. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Wafuasi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Michoro yao imefika Ulaya na Japani. Lakini sifa ya sokoni si kiti cha barazani. Mtu aweza kuwa alama ya mji huku hana neno juu ya ukuta hata mmoja wa mji huo.

Hao nao wana maarifa ambayo halmashauri ingenunua kwa bei kubwa kutoka kwa mshauri wa mbali. Mchonga mpingo ajua kwamba gogo hupasuka likiachwa juani kabla halijakauka vema, na kwamba kinyago kizuri cha sebuleni si lazima kiwe kizuri cha barabarani. Mtu wa Tabaka ajua jiwe lake ni laini, lapokea kisu kwa wema na lapokea mikwaruzo kwa wema ule ule. Mchora vibao ajua rangi ipi hupauka kwa miaka miwili katika chumvi ya pwani na ipi huvumilia. Kikao kisicho na watu hawa huagiza shaba kwa sababu shaba ndiyo iliyoonekana katika picha za miji mingine.

Kisha wapo wanawake, na habari yao ni ya ajabu kidogo. Mwanamke wa pwani huchagua kanga kwa jina lake na kwa pambo lake, hupaka hina, husuka mkeka wa ukili wenye nakshi. Kazi hizo huitwa za nyumbani, na kwa kuitwa hivyo huondolewa katika mazungumzo ya sanaa ya hadharani, ingawa kanga hupita barabarani na kusomwa na watu wengi kuliko jukwaa lolote la sanamu. Theresa Musoke wa Uganda, mmoja wa wachoraji wakubwa waliotoka Makerere, alichora ukutani chuoni hapo; ukuta wenyewe ulikuwa wa Mary Stuart Hall, bweni la wanawake. Kazi yastahili sifa popote ilipo. Hata hivyo, haikosi kumpitia mtu wazo kwamba ukuta ule ulikuwa ndani, na Kampala ilikuwa nje. Na mbali na wanawake wapo mafundi wenye ulemavu, ambao hata wakialikwa hukuta ngazi mlangoni, au hukuta mkutano usio na mkalimani wa lugha ya ishara. Mfinyanzi asiyeona angeuliza jambo ambalo diwani hakuliwaza: kwa nini sanamu ziwekwe juu mno hata mkono usizifikie?

Milango ya sheria, ajabu yake, haijafungwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yautaja utamaduni katika ibara ya 11 kuwa ndio msingi wa taifa. Ibara ya 10 yahesabu ushiriki wa watu kuwa miongoni mwa tunu za taifa. Ibara ya 196 yazitaka bunge za kaunti ziwashirikishe wananchi katika kazi zake. Na Jedwali la Nne lakabidhi shughuli za utamaduni za mahali kwa kaunti. Katika Tanzania, Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na Sera ya Utamaduni ilitolewa mwaka 1997. Mwenye kusoma maandishi hayo hawezi kusema kwamba msanii amesahauliwa.

Shida huanza pale neno linaposhuka kutoka katibani na kuingia katika karatasi ya zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya mwaka 2015 yaweka asilimia 30 ya manunuzi kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni kanuni njema. Lakini ili aishike asilimia hiyo, mchongaji hana budi awe na kampuni iliyosajiliwa, hati ya kodi, akaunti ya benki, na ujuzi wa kujaza fomu za Kiingereza zilizotangazwa katika intaneti. Mwenye kuvipata vyote hivyo mara nyingi si mchongaji. Ni mfanyabiashara, ambaye akishinda zabuni humtafuta mchongaji na kumpa kipande cha malipo. Zaidi ya hayo, sanamu ikiandikiwa zabuni kama mtaro wa maji machafu, mwenye bei ya chini hushinda, na mji hupata mtaro wenye uso wa binadamu. Mkutano wa kushirikisha wananchi nao huitwa siku ya kazi, saa nne za asubuhi, katika ukumbi wa mjini. Fundi wa kibarua akienda amepoteza chakula cha siku ile. Asipokwenda, huandikwa kwamba wananchi walialikwa.

Nchi nyingine zimejaribu njia ya fedha. Ufaransa, tangu mwaka 1951, yatenga asilimia moja ya gharama za majengo ya shule za serikali kwa ajili ya sanaa, na kanuni hiyo ikapanuliwa baadaye kwa majengo mengine ya umma. Mji wa Seattle, Marekani, ulijiwekea sheria ya namna hiyo mwaka 1973. Jambo hilo lafaa kuigwa, maana pasipo fedha hakuna sera, kuna hotuba tu. Lakini asilimia huamua kiasi, haiamui kauli. Fedha zikitengwa na kamati ikabaki ile ile, zitapatikana sanamu nyingi zaidi za aina ile ile.

Hapa mpinzani hulitoa neno la wahenga, kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Neno hilo lina haki yake. Sanaa iliyopitishwa katika mikono ya wajumbe ishirini, kila mmoja akiomba chake kiongezwe na cha mwenzake kipunguzwe, hutoka bila ladha. Na zipo sanamu nzuri duniani ambazo zilichukiwa na wote siku ya kwanza. Ila fundi hadai unahodha. Yeye ni seremala wa chombo, na hakuna nahodha mwenye akili apangaye safari bila kumwuliza seremala ubao upi umeoza. Kauli yahitajika katika kuweka kanuni na kuchagua jambo la kukumbukwa. Kanuni zikiisha kuwekwa na msanii akiisha kuchaguliwa, heri aachwe na jiwe lake.

Ipo hatari nyingine isiyosemwa sana. Kiti cha fundi barazani kikipatikana, huelekea kukaliwa na mtu yule yule mwaka baada ya mwaka, mwenye kujua kuvaa koti na kutia sahihi. Hatimaye huwa dalali wa wenzake, tena dalali mwenye mhuri. Kwa sababu hiyo kiti chafaa kiwe cha zamu, mwaka mmoja au miwili, na washika zamu wachaguliwe na vikundi vya kazi wenyewe, si na ofisi. Na katika kila zamu mwanamke asikosekane. Mjumbe alipwe kwa siku ya kikao kiasi cha kibarua chake, kama mhandisi alivyo na mshahara siku hiyo hiyo. Kikao kifanyike kwa Kiswahili, na mara moja moja kihamie karakanani, ambapo diwani atakuwa mgeni na fundi atakuwa mwenyeji; mambo mengi hunyooka watu wakibadilishana viti. Na kura iwe kura. Mjumbe anayesikilizwa kisha akaachwa nje wakati wa kuhesabu mikono ni pambo la kikao.

Kuhusu kumchagua mchongaji, ipo njia inayojulikana ambayo haina ugeni wowote: mashindano ya hatua mbili. Katika hatua ya kwanza mtu yeyote huleta wazo, kwa mchoro wa kalamu au kwa maneno, bila kampuni wala hati. Wachache huchaguliwa, nao hulipwa ili kila mmoja afinyange mfano mdogo. Mifano hiyo huwekwa mahali watu wapitapo, sokoni au stendi, kwa wiki kadhaa, na maneno ya watu huandikwa. Ikiwa mfano haufanani na mtu anayekumbukwa, jamaa zake na majirani zake watasema wakati ule udongo ungali mbichi. Kicheko cha wakati huo ni cha manufaa na gharama yake ni ndoo ya udongo.

Limebaki jambo la baada ya uzinduzi, ambalo vikao havilipendi kwa kuwa halina ngoma wala utepe wa kukatwa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa jina lake na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe. Walakini ukuta uliochorwa na kijana wa mtaani hufutwa kwa brashi moja mwenye jengo apatapo mpangaji mpya. Mchoraji huipata habari hiyo asubuhi, apitapo kwenda kazini, akakuta tembo wake amekuwa tangazo la simu. Hakuna anayedai kwamba kila mchoro uishi milele. Kuta hubomoka na miji hukua. Lakini sentensi moja katika mkataba, kwamba mchoraji apewe taarifa ya mwezi mmoja kabla ukuta haujafutwa, aje aupige picha au aende barazani aseme neno lake, haiugharimu mji hata shilingi. Na sanamu ikipata ufa, aitwe kwanza yule aliyeichonga, kabla ya mpaka rangi wa halmashauri na ndoo yake ya fedha ya bandia.